Tabasamu: Kicheko Kisicho na Sauti



Leo nawaletea somo la neno moja tu: tabasamu. Kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna anayehangaika kulitafuta kwenye kamusi. Lakini hebu lifungue siku moja. Utakuta linaelezwa kama aina ya kucheka: kutabasamu ni kucheka kidogo bila kutoa sauti. Kumbe kabla ya kuzungumzia midomo na meno, tunazungumzia kicheko kilichonyamaza.

Najua yupo atakayesema, "Frateri, watu wana shida zao, ajira hakuna, we unatuletea habari za kutabasamu?" Subiri kidogo. Fungua simu yako uangalie makundi yenu, la shule, la kwaya, hata lile la VIWAWA. Hesabu ni mara ngapi leo mtu ameandika "mbavu sina", kisha jiulize: aliyetuvunja mbavu ni nani, na yeye alikuwa anacheka? Hapo ndipo somo letu lilipo.

1. Neno limetoka wapi?

Tuanze na ndugu yake mkubwa, yaani cheka. Hili ni neno letu la Kibantu, la tangu enzi na enzi. Waganda, Wanyarwanda, Washona, wasemaji wa Kilingala na Wasukuma wote wana "seka". Wakikuyu wanasema "theka", Wazulu "hleka". Ni mzizi mmoja uliotembea nusu ya bara. Kwenye Kiswahili umezaa kicheko, chekesha, chekelea, na hata mcheshi. Usishangae hiyo "sh": pika hutupa mpishi, andika hutupa mwandishi, na cheka hutupa mcheshi.

Tabasamu ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Limetoka kwenye Kiarabu, tabassama, lenye mzizi wa herufi tatu, b-s-m. Wale mnaoishi Pwani mna jirani anayeitwa Basma au Ibtisam. Majina hayo yanatoka kwenye mzizi huohuo.

Sasa angalia umbo lake. Kiarabu kina namna ya kuuchukua mzizi na kuutilia "ta" mbele, na mara nyingi namna hiyo hubeba maana ya tendo linalomrudia mtendaji mwenyewe. Kiswahili kimepokea maneno kadhaa ya umbo hilo. Mzizi f-k-r umetupa fikiri, na kwa umbo hilo la "ta" umetupa tafakari. Mzizi k-b-r umetupa kiburi, na kwa umbo hilohilo takabari, yaani kujifanya mkubwa. Kwa hiyo tabasamu na tafakari ni mtu na dada yake. Tafakari tunaijua vizuri sisi Wakatoliki: ni kukaa na Neno la Mungu kimya, mpaka likuingie. Kimaumbile ya neno, tabasamu limeketi benchi hilohilo.

Kuna neno la tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Kiarabu kina neno la kawaida kabisa la kucheka, lenye mzizi d-h-k. Hilo nalo lilivuka bahari likafika kwetu. Lakini sisi tayari tulikuwa na cheka, hatukuhitaji neno jingine la kazi hiyohiyo. Basi neno lile likapewa kazi nyingine, na leo tunaliita dhihaka. Kule lilikotoka ni kucheka tu. Kwetu limekuwa kucheka kwa kumdharau mtu. Wenzetu Waislamu wanayakuta maneno haya mawili yamekaa pamoja katika Sura ya 27 ya Kurani, pale Sulemani anapotabasamu akicheka kwa maneno ya chungu. Kwenye Kiswahili yamekwenda njia tofauti: mzizi mmoja umetupa tabasamu, mwingine umetupa dhihaka.

2. Sarufi inatufundisha maadili

Kiswahili kina siri ndogo hapa. Soma sentensi hizi tatu polepole:

Nilicheka naye.
Nilimchekea.
Nilimcheka.

Kitenzi ni kilekile, lakini ni matendo matatu tofauti. Ya kwanza, tulikuwa wawili tukafurahi pamoja. Ya pili, nilimwonyesha uso wa kumpokea. Ya tatu, nimemgeuza yeye kuwa kitu cha kuchekwa. Tofauti yote imebebwa na silabi moja moja. Katika "nilimcheka" mtu amekaa moja kwa moja chini ya tendo, kama vile nilimpiga au nilimsukuma.

Sasa jaribu kufanya hivyohivyo na tabasamu. Nilitabasamu, sawa. Nilimtabasamia, sawa. Lakini "nilimtabasamu"? Haisemeki. Lugha yenyewe inakataa. Kumcheka mtu unaweza, kumtabasamu huwezi. Ukitaka kumfikia mtu kwa tabasamu, lazima upitie ile "-ia", kiambishi kilekile tunachokitumia tunaposema kumpikia, kumletea, kumwombea. Ni kiambishi cha kufanya jambo kwa ajili ya mwingine.

Sisemi kwamba sarufi ni Injili. Mtu anaweza kutabasamu kwa dharau, na wengi wetu tumeonja tabasamu la aina hiyo. Lakini waliotuachia lugha hii walikuwa wameona kitu, nacho tunakiona pia katika methali: mcheka kilema hafi bila kumfika.

Niwape mfano. Katika parokia moja nilikokuwa nakwenda kwa utume, binti mmoja wa kidato cha pili alipewa somo la kwanza siku ya Pentekoste. Mnalijua lile somo la Matendo ya Mitume lenye majina ya mataifa. Alivuka salama Waparthi, Wamedi na Waelami. Kufika Frigia na Pamfilia, ulimi ukagoma. Akarudia, ukagoma tena. Benchi la vijana wenzake likaangua kicheko. Yule binti akanyamaza, mikono ikaanza kutetemeka juu ya kitabu, na kanisa zima likasubiri. Benchi la mbele alikuwepo bibi mmoja mzee, amejifunga kitenge cha WAWATA. Hakugeuka kuwakemea wale vijana. Alimtazama tu yule binti, akatabasamu, akatikisa kichwa kidogo kama anayesema, endelea, tunakusikiliza. Binti akaanza tena mstari ule, polepole, akamaliza. Baadaye aliniambia, "Frateri, nilikuwa nashuka. Nilishakunja kitabu moyoni. Nikamwona bibi."

Nawafahamu vijana ambao siku yao haikuwa na bibi wa namna hiyo. Walishuka, na hawajapanda tena mimbarini mpaka leo.

3. Kicheko cha chinichini katika Maandiko

Mtu wa kwanza kutajwa kuwa amecheka katika Biblia ni Abrahamu. Mungu alipomwahidi mtoto, yeye akiwa anakaribia miaka 100 na Sara 90, alianguka kifudifudi akacheka (Mwa 17:17). Sura inayofuata ni zamu ya Sara. Yuko ndani ya hema, anasikia wageni wakisema atapata mwana, naye anacheka moyoni mwake (Mwa 18:12). Sisi tungesema amecheka kimoyomoyo. Hakuna aliyesikia sauti. Hata hivyo Bwana anauliza, kwa nini Sara amecheka? Sara anaogopa, anakana. Bwana anamwambia kwamba alicheka.

Hapa kuna mambo mawili. La kwanza, Mungu husikia hata kicheko kisicho na sauti. Kile unachokicheka kimoyomoyo, mbele yake ni wazi kama umekitangaza kwa spika. La pili, angalia Mungu anafanya nini na kicheko kile. Hakumnyang'anya Sara ahadi kwa sababu amecheka kwa mashaka. Mtoto alizaliwa, akaitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka". Na Sara akakiri kwamba Mungu amempa kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye (Mwa 21:6). Kicheko cha mashaka kimegeuzwa kuwa jina la mtoto. Kila alipomwita mwanawe aje kula, Sara alikuwa anakumbushwa.

Hekima nayo ina neno. Yoshua bin Sira, kitabu tulicho nacho sisi Wakatoliki, anatofautisha vicheko viwili: mpumbavu hupaza sauti anapocheka, mwenye busara hutabasamu kwa utulivu (taz. YbS 21:20). Asikudanganye mtu kwamba mstari huu unakataza furaha. Mhubiri anasema kuna wakati wa kulia na wakati wa kucheka (Mhu 3:4), na Zaburi ya 126 inaimba juu ya vinywa vilivyojaa kicheko siku Bwana alipowarudisha wafungwa wa Sayuni. Bin Sira anazungumzia nani anatawala nani. Je, wewe unakishika kicheko chako, au chenyewe kinakuburuta?

Sasa Bwana wetu. Injili zinasema wazi kwamba Yesu alilia, kwenye kaburi la Lazaro (Yn 11:35) na alipoutazama mji wa Yerusalemu (Lk 19:41). Hakuna mstari unaosema alicheka. Wapo waliochukua kimya hicho na kusema Mkristo mzuri ni mwenye uso uliokunjamana. Mimi siwezi kukubaliana nao. Mtu aliyesema habari za mwenye boriti jichoni anayetaka kumtoa mwenzake kibanzi, hebu ichore hiyo picha kichwani: boriti, nguzo nzima ya kujengea, imening'inia kwenye jicho! Na wale wanaochuja mbu kisha wanameza ngamia (Mt 23:24). Wasikilizaji wake hawakukaa kama wako msibani. Na watoto waliletwa kwake, akawakumbatia (Mk 10:16). Watoto hawapendi kukumbatiwa na mwenye uso uliofungwa.

Lakini Injili zinasema mara kadhaa kwamba yeye alichekwa. Nyumbani kwa Yairo, aliposema msichana amelala, walimcheka (Mk 5:40). Katika mateso askari walimvika taji la miiba, wakapiga magoti mbele yake wakimdhihaki (Mt 27:29). Unaona neno letu limerudi? Yesu anajua kukaa upande ule mwingine wa "nilimcheka". Kijana uliyewahi kugeuzwa mzaha darasani, kwa sababu ya kigugumizi, rangi, mwili, kabila au umaskini wa nyumbani kwenu, huyu Bwana alikaa hapo kabla yako.

4. Wanafalsafa wanasemaje?

Aristotle, katika maandishi yake juu ya viungo vya wanyama, alisema binadamu peke yake ndiye mnyama anayecheka. Katika Maadili ya Nikomako, kitabu cha nne, alionyesha kwamba kwenye utani pia kuna fadhila, na kama kawaida yake aliiweka katikati. Upande mmoja yuko mchekeshaji wa kupitiliza, ambaye yuko tayari kumuumiza yeyote mradi watu wacheke. Upande wa pili yuko mtu mkavu, asiyesema la kufurahisha na anayenunia wanaosema. Katikati yuko mwenye fadhila inayoitwa kwa Kigiriki eutrapelia. Neno hilo limejengwa kwa "vizuri" na "kugeuka": ni mtu anayejua kugeuka vizuri, kulingana na mahali na watu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliichukua fadhila hiyo akaiweka ndani ya Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Anasema roho nayo huchoka na huhitaji pumziko, na anakumbusha kisa cha zamani kuhusu Mtakatifu Yohane Mtume na upinde: ukiuvuta muda wote bila kuulegeza, utavunjika. Kisha anaweka mipaka: mzaha usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usikupokonye utulivu wa moyo, na uendane na mtu, wakati na mahali. Halafu anaenda mbali zaidi. Anasema kukosa kabisa furaha kunaweza kuwa kosa, kwa sababu mtu wa namna hiyo anakuwa mzigo kwa wenzake. Wale mnaodhani utakatifu ni kununa, Mwalimu wa Kanisa amewajibu.

Kilatini alichoandikia Thomas kina neno zuri la kutabasamu: subridere. Ridere ni kucheka, na sub ni chini. Kwa hiyo kutabasamu ni "kucheka chini", na kutoka hapo Wafaransa wamepata sourire, Waitalia sorridere. Sisi nasi tunasema mtu amecheka chinichini. Lugha zilizokulia mbali na mbali zimeliona jambo lilelile.

5. Watakatifu waliotabasamiwa

Mwaka 1858 kule Lourdes, Ufaransa, Mtakatifu Bernadeta Soubirous alimwona Bikira Maria mara 18. Katika tokeo la pili, tarehe 14 Februari, alimnyunyizia maji ya baraka ili kujua kama anatoka kwa Mungu. Yule Bibi alitabasamu. Papa Benedikto wa XVI alipokwenda huko, tarehe 15 Septemba 2008, aliwahubiria wagonjwa kuhusu tabasamu hilo la Maria kwa watu wanaoteseka.

Miaka 25 baada ya Lourdes, huko Lisieux, binti wa miaka 10 alikuwa mahututi kwa ugonjwa uliowashinda nyumbani kwao. Tarehe 13 Mei 1883, siku ya Pentekoste, aliitazama sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa chumbani, akaona Maria anamtabasamia, akapona. Huyo ndiye Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, na sanamu ile inaitwa mpaka leo Bikira Maria wa Tabasamu.

Alichopewa Theresia, alikitoa. Ndani ya monasteri kulikuwa na mtawa mmoja aliyemkera kwa kila kitu: tabia, maneno, mwenendo. Theresia aliamua kumwombea kila anapokutana naye, na alipotaka kumjibu vibaya, alimpa tabasamu. Alifanya hivyo mpaka yule mtawa akamuuliza ni kitu gani kinachomvutia kwake kiasi hicho. Na mapambano yalipomzidia, Theresia anasimulia mwenyewe kwamba alikimbia, kama askari anayetoroka vita. Kukimbia kabla hujamtamkia mtu neno baya, nako ni ushindi.

6. Je, huo si unafiki?

Hili ni swali zuri, na vijana wameniuliza. Kama moyoni nimekasirika na usoni natabasamu, si nadanganya? Thomas wa Akwino anasema kupenda ni kumtakia mtu mema. Mnafiki anatabasamu huku akikutakia mabaya au akikutega apate chake. Theresia alikuwa anakerwa, ndiyo, lakini utashi wake ulikuwa umeshaamua kumtakia mema mwenzake. Hisia zilikuwa nyuma, utashi mbele. Tabasamu lake lilisema kweli juu ya uamuzi wake.

Ila kuna tahadhari, na naomba uisome mara mbili. Kuna tabasamu la kuficha maumivu. Kitabu cha Methali kinajua kwamba hata katika kucheka moyo unaweza kuwa na huzuni (Met 14:13). Kama wewe ndiye mcheshi wa kundi na usiku unalia peke yako, Mungu hakudai uso wa kuigiza. Mtafute mtu unayemwamini: padre wako, mzazi, mlezi wa vijana, daktari. Sema. Na kama unaye rafiki ambaye kila siku anacheka kupita kiasi, muulize kwa upole anaendeleaje, kisha usubiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza litakuwa "niko poa".

7. Mazoezi ya wiki

Kwanza, kabla ya kusambaza video au picha ya kuchekesha, weka sentensi yake: tunacheka naye, au tunamcheka? Kama ni ya pili, ifute.

Pili, chagua mtu mmoja anayekukera, nyumbani, hosteli au kazini. Kila ukikutana naye wiki hii, mwombee kimyakimya na umtabasamie. Ukizidiwa, kimbia kama Theresia.

Tatu, Jumapili hii kaa mahali ambapo msomaji anaweza kuuona uso wako.

Nne, soma Mwanzo 18:1-15 na 21:1-7, kisha mwambie Bwana ni ahadi gani yake unayoicheka kimoyomoyo.

Tusali

Ee Mungu wa Abrahamu na Sara, wewe unasikia hata kicheko tunachokificha. Utusamehe wale tuliowacheka. Uwaponye waliochekwa wakashuka, wapate nguvu za kupanda tena. Ee Maria, uliyemtabasamia mtoto mgonjwa, ututazame nasi, na utuombee nyuso zetu ziwe mahali ambapo wenzetu wanapata nguvu ya kuendelea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na mwe na wiki njema.